Kamba ya Kusimamisha Kazi: Kwa Nini Wengine Hujifunza Kutokana na Makosa na Wengine Huyaficha



Mtoto anapovunja kikombe jikoni, katika nyumba moja humkimbilia mama yake akamwambia. Katika nyumba nyingine huokota vigae, akavisukumia chini ya kabati, kisha akatoka nje kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Watoto hawa wawili hawakuzaliwa na tabia tofauti. Kila mmoja amefundishwa na nyumba yake. Wa kwanza amezoea kuulizwa, "Imekuwaje?" Wa pili amezoea kuulizwa, "Nani kafanya?" huku fimbo iko mkononi. Matokeo yake ni kwamba katika nyumba ya pili, siku moja mdogo wake ataingiza mkono chini ya kabati kutafuta mpira, na atakatwa na kigae ambacho hakuna mtu mzima aliyejua kuwa kipo.

Makala yetu ya Ijumaa ya leo inahusu vigae vilivyofichwa, ila si vya jikoni. Tunakusudia kueleza kwa nini kiwanda, hospitali au duka moja huweza kujifunza na kuboresha kazi yake siku hadi siku, ilhali jingine, lenye fedha na wataalamu wengi zaidi, hurudia kosa lile lile mpaka watu wanapoteza maisha. Jambo hili linatugusa sote. Wengi wetu riziki yetu inatokana na biashara za ukoo, watoto wetu wanasoma katika shule na madrasa zinazoendeshwa na kamati, na wazee wetu wanatibiwa katika hospitali zenye msongamano. Kote huko kazi ni amana, na amana haitunzwi kwa nia njema peke yake.

Uzi unapokatika

Wajapani wana neno "kaizen", lenye maana ya kubadilika kuelekea kilicho bora. Neno hili lilienea duniani hasa baada ya Masaaki Imai kutoa kitabu chenye jina hilo mwaka 1986. Hata hivyo, fikra yenyewe ina umri mkubwa zaidi, na kwa wanaotengeneza magari ya Toyota inarudi nyuma hadi kwa mtu ambaye hakuwa mtengenezaji wa magari kabisa. Huyo ni Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1867 na kutumia maisha yake kuunda mashine za kufumia nguo.

Katika mashine za zamani, uzi ukikatika mashine iliendelea kufuma. Mfanyakazi alipokuja kugundua, nguo nyingi ilikuwa imekwisha kuharibika. Toyoda aliunda mashine ambayo uzi mmoja tu ukikatika, yenyewe hujisimamisha. Mwaka 1929 haki za uvumbuzi huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe, Kiichiro Toyoda, akaja kuanzisha kampuni ya magari mwaka 1937. Kampuni hiyo ikarithi fundisho la mzee: ni heri kusimama sasa hivi kwa uzi mmoja kuliko kuendelea mbele na kitambaa kibovu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilikuwa nchi ya magofu. Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu kutoka Marekani, W. Edwards Deming, alialikwa kuwafundisha wahandisi na wakuu wa makampuni namna ya kudhibiti ubora wa bidhaa. Wakati huo huo ndani ya Toyota, mhandisi Taiichi Ohno alikuwa akiwazoesha walio chini yake kuuliza "kwa nini" mara tano kabla ya kutoa hukumu yoyote.

Mfano wake mashuhuri ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa na mzigo. Kwa nini mzigo ulizidi? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini haikupata? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini haivuti? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hapakuwa na chujio, hivyo vumbi la chuma likaingia ndani. Anayeishia kwenye swali la kwanza hubadilisha fyuzi, na wiki ijayo hubadilisha nyingine. Anayefika kwenye la tano huweka chujio, na mambo yakatengenea. Zingatia, ndugu msomaji, kuwa katika maswali yote matano hakuna hata moja linaloanza na neno "nani".

Kiwanda kilichofufuka

Sasa twende katika mji wa Fremont, jimbo la California nchini Marekani. Huko kampuni ya General Motors, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa kubwa kuliko zote duniani katika uundaji wa magari, ilikuwa na kiwanda kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilijulikana kwa mambo ya aibu. Utoro ulikuwa mkubwa kiasi kwamba katika kila wafanyakazi watano, mmoja hakuonekana kazini. Ulevi ndani ya kiwanda haukuwa siri, migomo ilizuka bila taarifa, na malalamiko yasiyotatuliwa yalihesabiwa kwa maelfu. Wapo waliokiri baadaye kwamba waliharibu magari kwa makusudi ili kuwakomoa wakubwa wao. Mwaka 1982 kampuni ilichoka ikakifunga, na maelfu ya familia zikabaki bila kipato.

Mwaka 1983 General Motors na Toyota zilikubaliana kukifungua upya kwa ubia. Toyota ilitaka kujua kama utaratibu wake ungeweza kufanya kazi nje ya Japani na kwa watu wasio Wajapani. General Motors ilitaka kujifunza namna ya kutengeneza magari madogo yenye ubora. Kampuni mpya iliitwa NUMMI, na magari ya kwanza yalianza kutoka mwezi Desemba mwaka 1984.

Linalostaajabisha ni kwamba wengi wa walioajiriwa, kiasi cha asilimia 85, walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani. Chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile, na viongozi wa chama walikuwa wale wale waliohesabiwa kuwa wakorofi. Paa la kiwanda lilikuwa lile lile. Pamoja na hayo, haukupita muda mrefu utoro ukashuka hadi kiasi cha asilimia mbili, na magari ya Fremont yakawa karibu sawa kwa ubora na yale yaliyotengenezwa Japani.

Je, kilibadilika nini, ikiwa watu hawakubadilishwa?

Kamba iliyokuwa mwiko

Katika kiwanda cha zamani palikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mstari wa kazi usisimame. Gari lililofungwa bolti vibaya, au lililopachikwa kipuri cha aina nyingine, liliachwa lipite na kusukumwa uani, ambako magari mabovu yalirundikana yakisubiri mafundi wa kuyarekebisha. Mfanyakazi aliyeona kosa alijifunza kunyamaza. Kusimamisha kazi lilikuwa jambo la kumfukuzisha mtu.

Toyota ilitundika kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi, kuuzunguka mstari wote. Yeyote aliyeona tatizo, hata kama ameajiriwa jana, alikuwa na haki na wajibu wa kuivuta. Ikivutwa, taa huwaka na muziki mfupi hulia, na kiongozi wa kikundi hufika mara moja. Swali lake si "nani kakosea", bali "nikusaidie nini". Tatizo likimalizika kabla gari halijafika mwisho wa sehemu yake, kazi inaendelea. Lisipomalizika, mstari husimama.

Kabla ya kufungua kiwanda, mamia ya viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kwa wiki kadhaa kufanya kazi bega kwa bega na wenzao. Huko watu waliozoea kufokewa na wanyapara waliona kitu ambacho hawakukitegemea. Mfanyakazi alipokwama, wakubwa walimjia kwa msaada. Alipotoa wazo la kurahisisha kazi, chombo alichokiomba kilitengenezwa upesi na kujaribiwa. Waliporudi Fremont, walikuta wakubwa na wadogo wanakula katika ukumbi mmoja na kuegesha magari mahali pamoja. Makumi ya ngazi za kazi zilizokuwa zikiwatenga mafundi zilikuwa zimepunguzwa zikawa chache mno.

Jambo jingine lilikuwa na uzito pengine kuliko kamba yenyewe. Kampuni iliahidi kutowapunguza wafanyakazi ila pale ambapo njia nyingine zote, ikiwemo kukata mishahara ya wakubwa, zimekwisha kutumika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mauzo yalishuka sana, na kila mtu alisubiri barua za kuachishwa kazi. Barua hazikuja. Waliokosa kazi ya kufanya walipelekwa kwenye mafunzo na shughuli za kuboresha kiwanda. Hapo ndipo maneno yalipoaminika. Ni nani atakayetoa wazo la kufanya kazi ya watu wanne kwa watu watatu, ikiwa anajua kwamba wa nne atakayefukuzwa ni yeye?

John Shook, Mmarekani aliyeajiriwa na Toyota mwaka 1983 na kushiriki katika mafunzo hayo, aliandika mwaka 2010 juu ya aliyoyaona. Hitimisho lake linapingana na yale tuliyozoea kusikia kwenye semina. Sisi hudhani kwamba ukitaka kubadili tabia za watu sharti kwanza ubadili mawazo yao kwa hotuba na mabango. Shook anasema njia nyepesi ni kuanza na vitendo. Mpe mtu njia ya kufanya kazi yake vizuri, mwonyeshe kila siku kwamba akikwama atasaidiwa, na mawazo yake yatafuata yenyewe. Wazee wetu walilijua hili walipomwita mtoto mdogo asimame nao katika safu kabla hajaelewa maana ya kila anachokitamka. Mazoea hutangulia, ufahamu ukaja baadaye.

Kufua maji na kukalafati

Wataalamu wawili wa Marekani, Chris Argyris na Donald Schön, waliandika mwaka 1978 kitabu juu ya namna taasisi zinavyojifunza. Walitofautisha aina mbili za kujifunza. Tukiieleza tofauti hiyo kwa lugha ya watu wa pwani, tunaweza kuwafikiria mabaharia wawili katika chombo kinachovuja. Wa kwanza hufua maji. Kadiri yanavyoingia ndivyo anavyoyatoa, na akizidisha mkono hujisifu kwa bidii. Wa pili naye hufua maji, lakini akifika nchi kavu hukipandisha chombo, akatafuta ufa na kukalafati. Huenda akajiuliza pia kama mbao zile zilifaa tangu mwanzo, na kama aliyeziagiza alikuwa na haki ya kuziagiza.

Taasisi nyingi hufua maji. Kukalafati ni kugumu kwa sababu ufa mara nyingi hupita katika maamuzi ya wakubwa, na ni wachache walio tayari kumwonyesha mkubwa ufa alioupasua yeye mwenyewe. Argyris aliona kwamba wasomi na mabingwa ndio hasa wagumu wa kujifunza, maana wamezoea kufaulu na hawajui namna ya kukosea mbele za watu.

Picha hazinasi mazoea

Kwa mantiki hiyo tunaweza kufahamu kilichoipata General Motors. Ilikuwa na shule ndani ya nyumba yake. Mameneja wake walikaa Fremont, waliona kwa macho yao, na walirudi makwao wakiwa na shauku. Inasimuliwa na waliokuwepo kwamba mkubwa mmoja aliagiza kiwanda kipigwe picha kila pembe, na kila kilichomo kwenye picha kikanakiliwe kwingine.

Katika kiwanda cha Van Nuys, pia California, kamba zilitundikwa kama za Fremont. Lakini wafanyakazi hawakupelekwa kujionea, wanyapara waliona kamba ile inawanyang'anya mamlaka, na aliyeivuta alikaripiwa. Vipuri vibovu viliendelea kuletwa kutoka mbali bila wa kuvizuia. Kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Kamera ilinasa kamba. Haikunasa yale yanayotokea ndani ya moyo wa mtu anaponyoosha mkono kuivuta.

Ni haki kusema kwamba miaka ilivyokwenda kampuni ilijifunza mengi kutoka Fremont, na ubora wa magari yake ulipanda. Lakini ilichukua muda mrefu mno. Tarehe 1 Juni 2009 General Motors iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ilijitoa katika ubia, na Toyota nayo ikaamua kutoendelea. Tarehe 1 Aprili 2010 gari la mwisho lilitoka Fremont, na watu takriban 4,700 wakapoteza kazi. Walikuwa wamefanya yote waliyofundishwa. Jengo lile baadaye mwaka huo lilinunuliwa na kampuni ya Tesla. Tusidanganyane basi kwamba ubora wa kazi ya mikono huweza kufidia maamuzi mabaya ya walio juu.

Swichi iliyoua

Msiba mkubwa zaidi ulikuwa bado haujajulikana. Mwezi Februari 2014 General Motors ilianza kuyaita magari yake yarudishwe kwa matengenezo, na katika muda mfupi idadi ilifika milioni 2.6. Kasoro ilikuwa katika swichi ya kuwashia gari. Ilikuwa legevu. Ufunguo ukiguswa na goti, au ukilemewa na funguo nyingine, swichi iliweza kuteleza na kuizima injini gari likiwa mwendoni. Usukani ulikuwa mzito ghafla, na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria haikufunguka gari lilipogonga. Mfuko wa fidia ulioanzishwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124.

Uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Anton Valukas, ambao ripoti yake ilitolewa mwezi Juni 2014, ulionyesha kwamba dalili za kasoro zilikuwa zimejulikana ndani ya kampuni kwa zaidi ya miaka kumi. Malalamiko yalipita kamati baada ya kamati. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa kimya kimya bila kubadilisha namba ya kipuri, jambo lililowapoteza njia waliochunguza ajali baadaye.

Ripoti ilieleza mazoea mawili ambayo wafanyakazi wenyewe walikuwa wameyapa majina ya mzaha. La kwanza ni kutikisa kichwa: wote waliomo mkutanoni wanakubali kwamba hatua ichukuliwe, kisha wanatoka bila hata mmoja kukusudia kuichukua. La pili ni kukunja mikono kifuani, vidole vikielekezwa huku na huku, kwa maana kwamba wajibu ni wa mwingine. Mkuu mpya wa kampuni, Mary Barra, aliyekuwa ameshika uongozi mwezi Januari mwaka ule ule, aliwafukuza wafanyakazi 15 na kuanzisha utaratibu wa kila mfanyakazi kuripoti jambo la hatari bila kupitia kwa bosi wake. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kwa serikali ya Marekani.

Ndugu msomaji, tafakari. Kampuni hii kwa miaka 25 ilikuwa mmiliki mwenza wa kiwanda ambamo mtu yeyote aliweza kuvuta kamba. Katika ofisi zake, wahandisi waliokuwa na habari ya swichi hawakuwa na kamba ya kuvuta. Vigae vilikuwa chini ya kabati.

Hata mwalimu husahau

Asiseme mtu kuwa hili ni tatizo la Wamarekani na kwamba Wajapani wamesalimika. Toyota yenyewe ilikimbilia ukubwa mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2009 na 2010 ililazimika kuyarudisha mamilioni ya magari kwa sababu ya mazulia na pedali za mafuta zilizoweza kunasa. Tarehe 24 Februari 2010, Akio Toyoda, kitukuu wa mzee Sakichi, alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akaomba radhi na kukiri kwamba kampuni ilikua kwa kasi iliyozidi uwezo wake wa kuwalea watu na taratibu zake. Mwaka 2014 ililipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja juu ya suala hilo.

Na mwezi Desemba 2023, kamati huru iliyoichunguza Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilifichua udanganyifu mwingi katika majaribio ya usalama wa magari. Iliutaja mzizi wake kuwa ni ratiba zenye kubana kupita kiasi na wafanyakazi waliojiona hawana pa kusemea. Kamba ilikuwapo, lakini ratiba iliifanya isivutike. Mazoea mema hayawekwi akiba kabatini. Yasipotumika leo, kesho hayapo.

Kutoka kiwandani hadi wodini

Pengine utasema magari ni ya wenzetu, sisi yanatuhusu nini. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza wodi za hospitali miaka ya 1990 akitarajia kuona kwamba vikundi vya wauguzi vyenye maelewano mazuri vina makosa machache ya dawa. Aliyoyakuta yalimshangaza: vikundi vizuri vilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye daftari. Alipochunguza alitambua sababu. Huko wauguzi hawakuogopa kusema, hivyo makosa yaliandikwa na kurekebishwa. Kwingine daftari lilikuwa safi kwa sababu midomo ilifungwa.

Hapa kwetu Tanzania, kuanzia mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa shirika la ushirikiano la Japani, JICA, ilianza kuutumia utaratibu huu hospitalini, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa miongoni mwa za mwanzo. Mfano uliofuatwa ulitoka katika hospitali ya wanawake mjini Colombo, Sri Lanka, ambayo haikuwa tajiri. Hatua zake tano zimepewa maneno ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Yaani ondoa visivyohitajika, panga vilivyobaki, safisha, weka kanuni moja, kisha dumu nayo. Muuguzi ambaye zamani alipekua makabati kutafuta dawa ya dharura sasa anajua droo ipi aifungue, na dakika hizo ndizo uhai wa mgonjwa. Ethiopia nayo iliunda taasisi maalumu ya kaizen mwaka 2011, na viwanda vya Tanzania vilianza kufikiwa na mafunzo haya kuanzia mwaka 2013.

Katika hatua zote tano, ngumu ni ya mwisho. Kupanga kabati ni kazi ya siku moja, tena hupendeza wageni wakija. Kushikilia ni kazi ya maisha, nayo haidumu pale ambapo muuguzi akitaja kasoro huonekana mchongezi.

Turudi nyumbani

Tuchukue mfano wa duka la ukoo. Baba ameanzisha, kaka mkubwa anasimamia, na kijana wa kazi anauza. Kila mwisho wa mwezi hesabu hazilingani. Baba hufoka, kijana hufukuzwa, huletwa mwingine, na mwezi ujao hesabu hazilingani tena. Hiyo ndiyo kubadilisha fyuzi. Laiti wangeuliza kwa nini mara tano, pengine wangegundua kwamba bidhaa zinazochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani haziandikwi, na anayezichukua bila kuandika ni baba mwenyewe. Kijana alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Lakini ni nani angemwambia mzee?

Waislamu hatuna udhuru katika hili. Shura si neno geni kwetu. Ipo hata sura inayoitwa kwa jina hilo. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba handaki la Madina lilichimbwa kwa ushauri wa Salman al-Farisi, mgeni aliyetoka Uajemi, na rai yake ikapokelewa bila kuulizwa ukoo wake. Basi iweje kamati ya msikiti au ya madrasa ikae miaka kumi bila kusikia rai ya ustadhi anayefundisha, au ya mama anayeleta mtoto?

Yapo mambo machache ambayo familia au kamati inaweza kuyaanza wiki hii. Kwanza, pawe na nusu saa moja kila wiki ya kujiuliza ni kipi kilikwama, na mkubwa azungumze mwisho. Akizungumza mwanzo, waliobaki watatikisa vichwa tu. Pili, mkubwa aanze kwa kutaja kosa lake yeye. Tatu, wazo dogo lijaribiwe upesi, hata likiwa ni kuhamisha mzani au kununua daftari la pili, na aliyelitoa atajwe kwa wema. Nne, aliyeleta habari mbaya asiadhibiwe kwa kuileta. Tofauti iwekwe kati ya aliyekosea akasema na aliyekosea akaficha, kwa kuwa wa kwanza ametimiza amana. Tano, asipoteze riziki yake mtu ambaye wazo lake limerahisisha kazi.

Haya hayahitaji mtaji. Yanahitaji mkubwa kuvumilia kuambiwa, na kuvumilia huko kuna gharama yake. Gharama ya kutovumilia tumeiona: familia zilizokubaliwa madai 124 ya vifo zisingehitaji mfuko wa fidia kama mtu mmoja angesikilizwa mapema.

Kwa hiyo leo baada ya sala, ukirudi nyumbani ukakuta kikombe kimevunjika, angalia watoto wako wanafanya nini. Wakikujia, mshukuru Mwenyezi Mungu na uwaulize imekuwaje. Wakinyamaza, usiwatazame wao. Inama, uangalie chini ya kabati, kisha ujiulize ni nani aliyewafundisha kuficha.

Wabillahi tawfiq.